Wakili wa Varvara

Siku Agripina Tcaci alipotemewa mate sokoni, alikuwa ameinama akichagua kabichi. Mate yalimpata begani. Alipoinua uso alimwona Tudosia Buga, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka mingi katika kiwanda cha sukari, amesimama mbele yake.

"Ni kweli unamtetea?" Tudosia aliuliza.

"Nimepangiwa na serikali, Tudosia. Sikuchagua."

"Na mdomo wako ulishonwa, ukashindwa kusema hapana? Amemuuza mwanangu kama kifaranga, Gripa. Kama kifaranga! Na wewe unakwenda kumpelekea supu mahabusu."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Agripina alifuta bega kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akalipia kabichi, akaondoka. Angemwambia nini mama ambaye binti yake alirudi kutoka Moscow akichechemea, vidole viwili vya mguu vimekatwa kwa sababu ya kukalishwa barabarani kwenye theluji, kikombe cha kuombea mkononi?

Agripina hakuwa wakili wa sifa. Zamani alikuwa mwanasheria wa kiwanda, akiandika mikataba ya viazi-sukari na malori. Kiwanda kilipokufa, alibaki na sheria yake kichwani na mama yake mzee, Eudochia, nyumbani. Alitetea wezi wa baiskeli, akagawanya mashamba ya ndugu waliogombana, akaachanisha wanandoa ambao mmoja alikuwa Italia na mwingine amebaki na mbuzi. Mji ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo. Wanaume walikuwa wamekwenda kujenga maghorofa ya Warusi, wanawake kuwaosha vikongwe wa Kiitaliano, na mwaka ule wa ukame, mahindi yaliponyaukia shambani hadi ukingoni mwa mto Nistru, hata waliokuwa wameapa kubaki walifunga mizigo.

Varvara Sclifos, binti wa kijiji cha Racova, aliondoka kabla ya ukame. Alikwenda Moscow na mtoto wake Ilinca, wa miaka minne, baada ya mwanamke mmoja aitwaye Lucheria kumwahidi kibanda cha nguo sokoni. Baada ya mwaka alirudi peke yake, amevaa koti jipya, akisema kazi ipo tele. Alipoondoka tena, aliondoka na Stela, binti wa Tudosia. Stela alitoroka mwezi wa tano na kuwaeleza polisi yaliyompata. Kwa hiyo Varvara aliporudi kiangazi kumchukua msichana wa pili, polisi walikuwa wakimsubiri stendi ya mabasi.

Tangu siku hiyo hakufungua mdomo. Si kwa polisi, si kwa mwendesha mashtaka, si kwa wakili wake.

Agripina alikwenda mahabusu mara baada ya mara. Alipeleka supu ya kuku, ugali wa mahindi uliokwisha kupoa na kipande cha jibini ya kondoo. Varvara alikula taratibu, macho yakiwa ukutani. Alikuwa msichana mwembamba mwenye nywele za rangi ya majani makavu, na kucha alizozitafuna hadi nyama.

"Varvara, mwanangu," Agripina alimwambia siku moja, amechoka, "pale kijijini wanasema mtoto wako umemuuza kwa matajiri wa Kirusi. Nami sina la kuwajibu. Nisaidie angalau hilo."

Varvara aliacha kutafuna. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayekabwa, nacho kilikwenda hivyo hivyo hadi kikageuka kilio, na mlinzi akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Nimuuze?" alisema. "Nimuuze Ilinca? Wanaye wao, mama. Wanaye Lucheria na kaka zake. Walininyang'anya siku ya kwanza tu, pamoja na pasipoti. Nikaomba barabarani nao wakamshika. Nisipopeleka pesa, simsikii. Lucheria akaniambia, niletee msichana mmoja, nitakupa mwanao. Nikamletea Stela."

"Akakupa?"

"Akanihamisha mimi, nikapelekwa nyumba nyingine, ng'ambo ya jiji, mtoto akabaki kule kule. Akasema, bado mmoja."

Hapa palikuwa na utetezi, tena utetezi wa kweli. Mtu aliyeuzwa na kulazimishwa kuuza wenzake, mwanawe akiwa rehani, sheria ilikuwa na pa kumweka. Alianza kutafuta kalamu mkobani.

Varvara alimdaka mkono. "Hapana! Usiandike! Lucheria aliniambia, ukitaja jina langu tu, mtoto wako utamtafuta mtoni. Niapie, mama. Niapie hutamtaja Ilinca mbele ya watu."

"Bila hilo utafungwa, Varvara. Miaka mingi."

"Nifungwe. Nikifungwa nimenyamaza, watajua sikusema. Watamtunza. Niapie!"

Na Agripina, ambaye hakuwahi kuzaa na ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumng'ang'ania mkono namna ile, akaapa.

Jioni alimsimulia mama yake nusu tu, maana nusu nyingine haikuwa yake kuisimulia. Eudochia alikuwa akimenya vitunguu.

"Wewe una kiapo gani kinachokufanya usile?" kikongwe aliuliza. "Umekuwa mtawa?"

"Mama, mtu akizama na akakukataza usimvute, unafanyaje?"

"Namvuta nywele. Atanitukana akiwa nchi kavu."

Agripina alimwendea mwendesha mashtaka, Chiril Ursachi, kijana aliyemfahamu tangu akivaa kaptura. Aliomba polisi wa Moscow waulizwe kuhusu ile nyumba ambayo Stela aliitaja. Chiril alimkaribisha chai, akamsikiliza kwa heshima.

"Shangazi Agripina, tuliandika tangu mwezi wa sita. Walijibu nyumba ni tupu. Mimi nina msichana aliyekatwa vidole na nina aliyempeleka huko. Huyo Lucheria mimi sina. Niwaambie nini watu wa mji huu, kwamba namsubiri?"

"Na kama huyu naye alikuwa mateka?"

"Basi aseme. Mbona hasemi?"

Hakuwa mtu mbaya, Chiril. Hilo ndilo lililomkatisha Agripina tamaa zaidi. Angekuwa mbaya, angepata wa kumchukia.

Kesi ilisikilizwa vuli, chumba kimejaa hadi mlangoni. Watu wa Racova walikuja na vyakula vyao kana kwamba ni arusi. Varvara alikaa ndani ya kizimba cha vyuma, ameinamisha kichwa. Stela alipanda kizimba cha mashahidi akijikongoja, mama yake akimshika kiwiko, na alieleza kwa sauti ndogo lakini bila kusita: jinsi Varvara alivyokuja kwao akala chakula cha mama yake, jinsi walivyopanda basi, jinsi alivyomwuliza njiani, "Dada, kweli kuna kazi?" na Varvara akageuza uso dirishani.

"Alijua," Stela alisema. "Alijua ananipeleka wapi, na alinipeleka."

Jaji akamgeukia Agripina. "Upande wa utetezi una swali?"

Agripina alisimama. Alikuwa amekesha na jambo hilo. Hakukusudia kumtaja mtoto. Lakini palikuwa na swali moja ambalo yeyote angeliuliza, swali la kawaida kabisa, na alijua vizuri litakapofikia. Alimtazama Varvara mara moja. Kisha akauliza.

"Stela, kule Moscow, mle ndani ya nyumba, mlikuwa mnalala nani na nani?"

"Mimi. Wazee wawili wasio na miguu, wa Ukraine. Na Ilinca."

Varvara aliinua kichwa.

"Ilinca ni nani?"

"Mtoto wake huyo. Alikuwa analala na mimi kwenye zulia. Lucheria alikuwa anamfungia mtoto chooni kila mama yake alipoleta pesa pungufu."

Chumba kilivuma. Varvara alishika vyuma kwa mikono miwili. "Uliniapia!" alipiga kelele. "Uliniapia wewe mama! Umemuua! Umeniulia mtoto!"

Jaji aligonga meza, walinzi wakamsogelea, na katika kelele zile Stela aliendelea kuzungumza. Hakuwa akimjibu wakili tena, alikuwa akimtazama Varvara moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Lakini nilipotoroka hakuwapo tena. Kabla ya Pasaka aliugua, akatoka upele mwili mzima, joto kama jiko. Lucheria akasema atawaambukiza wengine. Akamfunga shali, akapanda naye treni, kwenda kwa dada yake, mji wa Zarechensk. Akarudi na shali mkononi."

Hata waliokuwa wakitafuna wakaacha.

"Kabla ya Pasaka?" Varvara aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. "Pasaka hii iliyopita?"

"Hii hii."

"Mimi niliambiwa amelala. Kila nikipiga simu, amelala. Amekwenda kucheza. Nikaambiwa nije nichukue msichana mwingine, nitampata."

"Sikujua kwamba hujui," Stela alisema. Akaanza kulia, na mama yake, Tudosia, ambaye muda wote alikuwa akimkazia Varvara macho kama anayemtoboa, akaangalia sakafu.

Hukumu ilikuja baada ya wiki chache. Mahakama ilisema mtoto ni jambo la kusikitisha, ila msichana aliuzwa na muuzaji ni huyu. Miaka saba. Varvara aliisikiliza kama habari za mtu mwingine. Alipokuwa akitolewa alimpita Agripina bila kumtazama, akasema, "Mtafute. Kama umemuua, niletee angalau nguo zake."

Sasa Agripina aliacha kulala. Alichukua ramani ya Urusi ya shuleni, akaikuta Zarechensk kama doa la nzi kusini mwa Moscow. Akaanza kupiga simu. Alipiga hospitali, zahanati, polisi wa reli. Walimkatia simu, walimwambia apige kesho, walimwambia aandike barua. Eudochia alimsogezea chakula kando ya simu naye akakisahau.

Mwisho akampata muuguzi wa wodi ya magonjwa ya kuambukiza, mwanamke mwenye sauti nzito ya mvutaji sigara.

"Wa surua?" alisema. "Majira ya kuchipua? Subiri kwanza. Yule aliyeachwa kwenye benchi la mapokezi?"

Agripina alikaa chini, sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali. "Ana nywele za rangi gani?"

"Kama majani makavu. Tulimwita Katia, hatukujua jina lake. Hakuwa anaongea chochote tunachokielewa, mama. Siku tatu za kwanza alikuwa analia neno moja tu. Apa, apa. Tukadhani ni jina la mtu. Tulimwuliza, Apa ni nani? Ni dada yako? Ni bibi yako?"

"Ni maji," Agripina alisema. "Kwetu ni maji. Alikuwa na kiu."

Upande wa pili ulisikika mkwaruzo wa kiberiti.

"Tulimpa maziwa," yule muuguzi alisema hatimaye. "Mungu wangu. Tulikuwa tunampa maziwa."

Alikuwa amepona. Alikuwa amepelekwa katika nyumba ya watoto ya mkoa. Alikuwa hai! Agripina alipanda gari moshi la asubuhi hadi gereza la wanawake, akamwambia Varvara kupitia kioo. Varvara hakulia. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakaa hivyo hadi muda ulipokwisha, na alipoondoka alama ya jasho la mkono ilibaki pale.

Ungedhani kuanzia hapo mambo yangekuwa mepesi. Mtoto yupo, mama yupo, majina yanajulikana. Lakini Agripina alipoandika kupitia ubalozi, jibu la Warusi lilikuwa la adabu na gumu kama mfupa: mama wa mtoto huyo ni mtu aliyehukumiwa kwa kuuza watu, na kwa mtu wa namna hiyo mtoto harudishwi. Hukumu itenguliwe kwanza.

Basi kila kitu kikaning'inia kwenye rufaa, nayo ikaahirishwa. Jaji mmoja aliugua. Kisha jalada lilikuwa halijafika kutoka wilayani. Kisha ikawa Krismasi, kisha theluji ikafunga barabara, kisha jaji mwingine akastaafu. Agripina alikwenda mji mkuu na kurudi, akasimama kwenye korido, akawashika makarani mikono kama ombaomba. "Kuna mtoto," aliwaambia. "Ninyi mna watoto? Kuna mtoto anasubiri." Makarani walimwonea huruma, wakampa tarehe nyingine. Nyumbani alikuwa akiamka akimsikia Varvara akimwambia uliniapia, na Eudochia akimfokea kutoka chumba cha pili: "Lala wewe! Wafu wanalala, wewe unashindwa nini?"

Rufaa ilipofika, yapata mwaka ulikuwa umepita tangu hukumu. Agripina alizungumza kwa muda mfupi kuliko alivyojiandaa. Alisema msichana aliyenyang'anywa mtoto hana mkono wake mwenyewe tena, kila anachokishika anakishikishwa. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Stela, na nyuma yake Tudosia, amevaa koti lake la kanisani. Hakuna aliyewaita.

"Mimi sijamsamehe," Stela aliwaambia majaji. "Msiandike kwamba nimemsamehe. Lakini yule mtoto nilikuwa namwosha nywele mimi mwenyewe, na kila nikimwosha alikuwa ananiuliza mama anakuja saa ngapi. Basi. Hilo ndilo nililokuja kusema."

Majaji waliitengua hukumu, na Varvara akaachiwa huru jioni ile. Nje ya mahakama alisimama mbele ya Stela, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Tudosia aliingia kati yao.

"Kamchukue mtoto," alisema. "Usisimame hapa. Nenda."

Wakasafiri wawili, Varvara na wakili wake, kwa treni iliyonuka chai na soksi. Varvara alikuwa amebeba mwanasesere na gauni alilolinunua kwa kukisia. Njia nzima alikuwa akipima hewani kwa kiganja. "Atakuwa amefika hapa sasa. Au hapa? Mama Agripina, watoto wa miaka sita wanafika wapi?"

Mkuu wa ile nyumba ya watoto alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kijivu. Aliwakalisha na kufunga mlango. Alisoma hukumu ya rufaa mara mbili, kisha akaiweka mezani na kuitazama tu.

"Mngekuja mwaka jana," alisema.

"Nilitaka kuja mwaka jana," Agripina alijibu. "Mlinikataza."

"Si mimi. Ni sheria." Alivua miwani. "Mtoto asiye na mtu anayeruhusiwa kumchukua, muda ukipita anapewa familia. Mahakama ya hapa ilikwisha kumpa. Tangu kabla theluji haijayeyuka. Wana nyumba, ni watu wazuri, hilo naweza kulisema. Jina amepewa jingine tena."

"Wako wapi?" Varvara aliuliza. Alikuwa amesimama, gauni limekunjamana mkononi. "Niambie mtaa tu. Sitamchukua. Nitasimama ng'ambo ya barabara."

"Siri ya mzazi wa kulea ni siri ya sheria, binti yangu. Nikikwambia, nafungwa mimi."

"Yuko mji huu?"

Mwanamke yule alitazama dirishani, akarudisha miwani machoni. Hakusema ndiyo na hakusema siyo, na Varvara aliusoma ukimya wake mpaka mwisho.

Usiku walilala kituo cha treni. Alfajiri, treni ya kurudi ilipoingia, Varvara hakuinuka kwenye benchi.

"Twende, mwanangu," Agripina alimsihi. "Tutakata rufaa hapa hapa kwao. Nitatafuta wakili wa Kirusi. Lakini twende nyumbani, utakufa na baridi. Huna mtu hapa."

"Ninaye."

"Humjui alipo!"

"Yeye pia hajui nilipo. Tuko sawa." Alimvuta Agripina akambusu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ulivunja kiapo chako, mama. Kama usingekivunja, ningekuwa gerezani nikiamini yuko kwa Lucheria. Nenda. Mama yako ni mzee."

Agripina alirudi peke yake. Aliandika maombi kwa mahakama ya Zarechensk, yakakataliwa. Akapata wakili wa huko, mzee mstaafu aliyekubali kwa sababu alikuwa na wajukuu, wakaandika tena, yakakataliwa tena, kwa maneno mengine. Hadi leo anaandika. Watu wa mji wamekwisha kuzoea kumwona posta na bahasha zake, na wengine humwambia waziwazi kwamba amepagawa.

Varvara alipata kazi kwenye tanuri la mikate, zamu ya usiku, ili mchana awe huru kutembea. Hupiga simu Jumapili. Mara ya mwisho alisimulia kwamba alimwona msichana mwenye mikia miwili ya nywele, ameshikwa mkono na mwanamke mwenye kofia nyekundu, akawafuata hadi kwenye geti la bustani. Msichana akageuka.

"Si yeye," Varvara alisema. Simu ilikuwa na mikwaruzo, na nyuma yake zilisikika trei za mikate zikigongana. "Mama Agripina, na mimi nikimwona, nitamjua kweli?"

"Utamjua," Agripina alisema.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ni wakili wangu."

Agripina alibaki ameshika simu, mama yake akimtazama kutoka mlangoni, hadi Varvara aliposema inabidi akatoe mikate, inaungua.